“Si Mtawafungua Watoto Macho?”

Swali hili halikosekani kwenye kikao cha wazazi. Mara nyingi huulizwa na mzazi mwenye nia njema kabisa, mara tu mkuu wa shule anapotaja kwamba muhula huu kutakuwa na kipindi cha mahusiano na ustawi wa mtoto. Mzazi anasimama, anasalimu Tumsifu Yesu Kristo, ukumbi unaitikia, kisha anauliza: “Sista, mkiwafundisha watoto mambo hayo, si mtawafungua macho?” Ukumbi unaguna kwa kukubali. Sista anaanza kujitetea: watafundisha kwa tahadhari, watagusa machache, hawataingia ndani sana. Hapo kosa limekwisha kufanyika, kwa sababu swali lenyewe ni bovu na halistahili kujibiwa kwa kujitetea. Limeulizwa miaka mingi katika shule za parokia za mijini na vijijini, za kutwa na za bweni, na kila lilipojibiwa kwa upole, kipindi kilikatwa nusu au kikasogezwa hadi siku isiyojulikana. Safari hii nitalijibu bila kuzunguka.

Sehemu ya hofu imeletwa na neno. Siku hizi ukisema fulani yuko kwenye mahusiano, kila anayekusikia anaelewa kuna mpenzi. Ndiyo maana mzazi akiambiwa mwanawe wa darasa la pili atafundishwa mahusiano, damu inamwenda mbio. Lakini uhusiano ni jinsi mtoto anavyogombana na mwenzake wa dawati akapatana naye kabla ya kengele ya jioni, anavyomeza uchungu wa kufungwa mpirani, anavyoomba radhi bila kulazimishwa, anavyosema “nimeumia” badala ya kurusha ngumi. Sehemu kubwa ya kipindi ni hayo, na watoto wetu wanayakosa kwa kiasi cha kutisha. Chukua mtoto wa bweni anayefika kwa matroni kila Jumatatu asubuhi ameshika tumbo. Wiki ya kwanza anapewa dawa ya minyoo, ya pili panadol, ya tatu anaambiwa ni mvivu wa kusoma. Wanaofanya kazi na watoto wanajua kwamba wasiwasi na huzuni ya mtoto mdogo huanzia tumboni na kichwani, maana maumivu ya mwili ndiyo lugha pekee anayosikilizwa akiitumia. Kiswahili hakijapungukiwa: kuna donge, kinyongo, upweke, wivu, soni, fadhaa, majonzi, kisirani. Mtoto huyu hajapewa hata moja kwa matumizi ya nafsi yake, ana “tumbo linauma” tu. Sijaona hoja ya maana dhidi ya kumpa mtoto maneno haya. Kinachozua ubishi ni sehemu ndogo iliyobaki, inayohusu mwili, na huko ndiko tunakokwenda.

Imani ya kufungua macho imesimama juu ya mambo matatu ambayo watu hawayatamki: kwamba macho ya mtoto yamefumba, kwamba neno la mwalimu ndilo litakaloyafumbua, na kwamba akishaona atakwenda kujaribu. La kwanza halihitaji hata utafiti. Mtoto wa miaka sita anayelala chumba kimoja na wazazi, pazia likiwa ndilo ukuta, ana macho. Ameona jogoo na mitetea, ameona mbuzi wa jirani, amesikia nyimbo zinazopigwa kwa muuza chipsi tangu asubuhi, ameshika simu ya kaka yake. Ingia choo cha wavulana wa madarasa ya juu, hata katika shule yenye sanamu ya Bikira Maria langoni, utazame ukuta wa ndani: michoro ya mkaa, majina ya wasichana wa darasa hilohilo, na maneno ambayo hakuna mwalimu aliyeyatamka ubaoni. Hiyo ndiyo elimu wanayoipata sasa. Mzazi anayeamini kwamba asiposema yeye, na asiposema mwalimu, basi mtoto hajasikia, anaamini jambo ambalo mtoto mwenyewe angelikanusha kama angethubutu.

La pili na la tatu, kwamba neno huamsha na kuamka huleta tendo, yamepimwa. Mwaka 2009 UNESCO ilitoa mwongozo wa kimataifa wa elimu ya ujinsia, na ndani yake mna mapitio ya tafiti 87 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, 29 kati yake zikiwa za nchi zinazoendelea, kwa hiyo haisaidii kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Katika programu zilizofuatilia umri wa kuanza ngono, zaidi ya theluthi ziliwafanya vijana wachelewe, zilizobaki hazikubadilisha umri huo, na hakuna iliyowafanya waanze mapema. Yamo mengi katika mwongozo ule ambayo Kanisa halikubaliani nayo, hasa kuhusu vidhibiti mimba, na shule ya Kikatoliki haina sababu ya kuyabeba. Lakini kipimo ni kipimo. Anayesema kufundisha kunaharakisha anadai jambo lililotafutwa kwa bidii na watu wengi, na halikuonekana. Kwa watoto wa shule ya msingi kuna mapitio mengine, ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 24 yenye washiriki 5,802 kuhusu masomo ya kujikinga na udhalilishaji wa kingono. Waliofundishwa walijua zaidi namna ya kujikinga na hawakuonekana kuingiwa na hofu kuliko wenzao. Waliotoboa kwamba wametendewa walikuwa kama 14 kwa kila 1,000, ilhali kwa wasiofundishwa walikuwa 4. Watoto kumi zaidi katika kila elfu walipata mdomo. Upungufu wa mapitio hayo naukiri: hakuna jaribio lililotoka Afrika, na hayakuthibitisha kwamba mtoto aliyefundishwa hatatendewa. Hilo lisimshangaze mtu, kwani mtoto wa miaka minane hawezi kumshinda mtu mzima. Kuzuia ni kazi ya wakubwa. Kazi ya somo ni kumpa mtoto njia ya kusema, na kusema mapema.

Na kusema kunahitaji neno. Hapa ndipo kimya chetu kinapoleta madhara makubwa kuliko yote. Watoto wetu hufundishwa majina ya viungo vyao kwa nyimbo na michezo: kichwa, mabega, magoti, vidole. Wakifika katikati ya mwili, majina yanakatika. Kuna “dudu”, kuna “huko chini”, kuna “kile kitu”, kuna “sehemu za siri”. Lisikilize hilo la mwisho kwa masikio ya mtoto: sehemu za siri, yaani sehemu ambazo habari zake hazisemwi. Mwenye nia mbaya hana haja ya kumwongezea mtoto huyo kitisho. Anamwambia tu “hii ni siri yetu”, na malezi ya nyumbani yanamalizia kazi. Kisha, mtoto akijikaza akasema, anasema nini? Anasema “alinifanyia tabia mbaya”. Maneno hayo, pamoja na “alinifanyia matusi”, yanajirudia katika kumbukumbu za kesi za watoto Tanzania na Kenya, kiasi kwamba mahakama za juu zimelazimika zaidi ya mara moja kuamua kama yanatosha kuthibitisha kosa. Majaji wamewahi kukubali kwamba mila zinambana mtoto asitaje viungo kwa jina, wakayapokea maneno yake jinsi yalivyo. Lakini kabla kesi haijamfikia jaji, imepita kwa mama, kwa mwalimu, kwa mjumbe, kwa polisi, na kila mmoja wao ana nafasi ya kuelewa vingine. Tabia mbaya ni nini? Nyumbani, tabia mbaya ni kudokoa sukari, kujibizana, kukojoa kitandani. Mtoto akisema anko amemfanyia tabia mbaya, mama aliyeinamia jiko anaweza kudhani anko amemzaba kofi, akajibu “na wewe umezidi utundu”. Mazungumzo yameishia hapo, pengine kwa miaka ishirini. Na ndani ya mtoto neno lilelile linamgeukia, kwa kuwa tangu amepata akili tabia mbaya ni kitu anachoadhibiwa yeye. Mtoto anayeweza kusema “amenishika uke”, au “amenishika uume”, hajafunguliwa macho na neno hilo. Yaliyomfika yamekwisha kumfika. Alichonacho cha ziada ni sentensi moja ambayo mama hawezi kuielewa vingine, wala daktari, wala hakimu.

Asije mtu akasema ninazungumzia matukio ya nadra. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi walimfahamu aliyewatendea. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Iweke hesabu hiyo kwenye darasa lenye wasichana 20 na wavulana 21, uwatazame walivyopanga mstari asubuhi na sare zao zimepigwa pasi: ni wasichana karibu sita na wavulana watatu kabla hawajatimiza miaka 18.

Shule ya Kikatoliki ina jambo lake la pekee hapa, na halizungumzwi vya kutosha. Mtoto anayejiandaa kwa Komunyo ya kwanza, mara nyingi wa miaka tisa au kumi, anakariri Amri za Mungu. Anafika ya sita, inayokataza uzinzi. Akiuliza maana yake anajibiwa ataelewa akikua. Sasa mtoto huyo, kama ametendewa, anapiga hesabu yake mwenyewe: jambo la mwili, la aibu, lisilosemwa, basi ndilo hili, na mimi nimelifanya. Akiandaliwa kwa Kitubio anakwenda kuungama dhambi ya mtu mwingine. Padre anayemsikia amefungwa na siri ya maungamo, ambayo kwa sheria ya Kanisa haivunjwi kwa sababu yoyote. Anaweza kumwambia mtoto kwamba hana kosa, na anaweza kumhimiza amwambie mtu mzima nje ya kitubio, lakini hawezi kupiga simu wala kumwita mwalimu. Hivyo mahali pekee ambapo mtoto anaona ana ruhusa ya kutaja mambo hayo panakuwa mahali ambapo habari haiwezi kutoka. Kosa hilo halitoki kwenye sakramenti. Linatoka kwa shule iliyomfundisha mtoto jina la dhambi kabla ya jina la kiungo, na ikamwacha bila kujua tofauti ya kutenda na kutendewa. Tofauti hiyo inafundishika kwa dakika kumi. Inapaswa kutangulia maandalizi ya kuungama katika kila parokia, na hakuna sababu ya kusubiri waraka kutoka juu.

“Lakini Kanisa linakataza.” Linakataza wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu, Gravissimum Educationis la 28 Oktoba 1965, unataka watoto na vijana wapewe elimu ya ujinsia iliyo chanya na yenye busara, kadiri wanavyokua. Hayo yamo katika aya ya kwanza kabisa. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981, katika Familiaris Consortio, kwamba elimu hiyo ni haki na wajibu wa msingi wa wazazi, na itolewe chini ya uangalizi wao, iwe nyumbani au katika shule waliyoichagua. Alichokipinga ni habari za mwili zilizotengwa na maadili. Papa Fransisko aliitengea sehemu nzima katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, akauliza kama taasisi zetu za elimu zimeupokea wajibu huu. Wanaopinga hushika waraka mmoja, wa Baraza la Kipapa la Familia wa 8 Desemba 1995, unaosema kuna miaka ya utotoni ambayo haipaswi kuvurugwa na habari za ngono zisizo za lazima. Ni kweli unasema hivyo, na unasema vizuri. Basi wausome wote. Waraka huohuo unawataka wazazi wamkinge mtoto na wadhalilishaji kwa kumpa habari zinazofaa, bila maelezo ya kumtisha, na wawe tayari kueleza kwa kina zaidi balehe inapofika. Jina la kiungo cha mwili wake haliwezi kuwa habari ya ngono isiyo ya lazima, kama vile jina la jicho lisivyoweza kuwa.

Na Maandiko tunayowasomea hayana woga huu wetu. Rozari moja ya makumi matano ina Salamu Maria 53, na katika kila moja mtoto anataja tumbo la mama na mzao wake. Sura ya tano ya Marko inaweka pamoja mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12 na binti wa Yairo mwenye umri wa miaka 12. Yesu anamtafuta yule mwanamke mbele ya umati, anamwita binti, hamkemei kwa damu yake, kisha anakwenda kumshika mkono yule mtoto. Kama kuna andiko linalofaa zaidi kusomwa darasa la tano wiki ya somo la hedhi, wavulana wakiwa humohumo darasani, aliyelipata alilete. Biblia ya Kikatoliki ina Danieli 13, ambamo wazee wawili wenye heshima wanamtisha Susana, umati unawaamini wao, mpaka kijana Danieli anapowahoji mmoja mmoja. Ina sura ya 13 ya kitabu cha pili cha Samweli, ambamo Tamari anabakwa na Amnoni ndugu yake, na ndugu mwingine anamwambia anyamaze. Hizo ni habari za mtu wa nyumbani, za mkubwa anayeheshimika, na za ukoo unaomziba mdomo aliyeumizwa. Katekista hahitaji kuazima mfano kwa mtu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba hii ni kazi ya wazazi. Nakubali, na nimekwisha kusema kwamba ndivyo Kanisa linavyofundisha. Lakini mwenye kazi aifanye. Mzazi anayesema “niachieni mwanangu” aulizwe, kwa heshima zote, atamwambia lini na atamwambia nini. Mama akitaka kuwa wa kwanza kumweleza binti yake habari za hedhi, ana haki hiyo, na shule impe tarehe ya kipindi mapema ili atangulie. Haki ya kumwacha mtoto asijue kabisa haipo popote, iwe katika Katekisimu au katika sheria ya nchi. Binti anayevunja ungo bila kuambiwa huamini ameumia ndani au ana ugonjwa. Utamwona saa sita mchana, jua kali, amefunga sweta kiunoni, hataki kusimama kujibu swali, na mwalimu asiyejua anamhesabu mkaidi. Balehe inaweza kuanza miaka minane kwa wasichana na tisa kwa wavulana bila kuwa ugonjwa. Anayesubiri darasa la saba, kwa baadhi ya watoto amechelewa miaka minne.

Wapo pia wanaosema mila zetu haziruhusu kuzungumza na watoto mambo haya. Mila zipi? Kimya cha mzazi kilikuwa nusu ya utaratibu. Nusu ya pili ilikuwa na wenyewe: kungwi na somo katika unyago, wazee wa jando kwa wavulana, shangazi kwa Waganda, ambaye wao humwita ssenga, na bibi karibu kila mahali. Baba na mama walinyamaza kwa sababu walijua kuna mtu aliyepewa kazi ya kusema, kwa wakati wake, kwa nyimbo na mafumbo yaliyofumbuliwa mpaka mtoto akaelewa. Yalikuwemo mambo ambayo Kanisa liliyakataa, na mengine sheria inayakataa leo, wala sisifu yote. Lakini huwezi kuhamia mjini, Mbagala au Kayole, ukamwacha bibi kijijini, ukakataa unyago kwa sababu ya imani, kisha ukabaki na ile nusu ya kunyamaza peke yake ukaiita mila.

Kuhusu adabu nitakuwa mfupi. Wanasema mtoto akifundishwa kumwambia mkubwa “sitaki” atakosa heshima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2217, inauwekea mpaka utii wa mtoto hata kwa mzazi wake mwenyewe: akisadiki katika dhamiri kwamba ni kosa kimaadili kutii agizo fulani, asitii. Mtoto anaweza kumwamkia shikamoo kila mkubwa anayepishana naye, na bado akajua kwamba mwili wake haumo katika shikamoo hiyo.

Dawa za bandia zinazotolewa badala ya somo zikome. Ya kwanza ni semina ya siku moja: mgeni anakuja Ijumaa, watoto 300 wamebanana ukumbini, anawaonyesha picha za viungo vilivyoharibiwa na kaswende, anaaga. Walichojifunza ni kwamba mwili unatisha na mwenye tatizo amejitakia, na aliyejifunza hivyo likimfika hatasema. Ya pili ni kuwapima wasichana mimba kila wanapotoka likizo. Kipimo kinakuja jambo likiwa limekwisha kutokea, kinamdhalilisha msichana na kumwacha aliyempa mimba akitembea, na kwa sheria ya Tanzania mtoto wa shule ya msingi mwenye mimba ni mtoto aliyebakwa, hata kama inadaiwa alikubali. Ya tatu ni kuwatenga wavulana na wasichana kwenye madawati na kudhani kazi imekwisha, kana kwamba wavulana hawatendewi, na kana kwamba hatari yote ni ya mtoto kwa mtoto.

Basi cha kufanya, kwa haraka, maana hakuna kigumu hapa. Chekechea hadi darasa la pili: majina yote ya mwili, uke na uume yakiwemo, kwa sauti ileile ya goti na kiwiko, tofauti kati ya siri ya furaha, kama zawadi ya mama, na siri inayomuumiza mtu, na watu wazima watatu wa kuwaambia, mmoja wao asiwe wa nyumbani. Darasa la tatu na la nne: maneno ya hisia, ugomvi na kupatana, uonevu, msiba, na ile tofauti ya kutenda na kutendewa. Darasa la tano kuendelea: balehe ya wasichana na ya wavulana kwa wote pamoja, hedhi na pedi yenyewe ikiwa mkononi mwa mwalimu, ndoto nyevu, picha za simu, zawadi zenye masharti. Kipindi kimoja kila wiki, mwaka mzima, mwalimu yuleyule. Kisanduku cha maswali yasiyo na majina. Wazazi waonyeshwe masomo yote mwanzoni mwa muhula, ukurasa kwa ukurasa. Nasaha za mtoto mmoja zifanyike mahali panapoonekana. Kanuni za ulinzi wa mtoto zisainiwe na kila anayekanyaga shuleni kikazi, padre, sista, matroni, mpishi, mlinzi na dereva wa basi, na watoto wazijue.

Mtoto akisema, usimhoji mara tano, usimwite mtuhumiwa myamalize, usiitishe kikao cha ukoo. Mwambie umemsikia na kwamba hana kosa, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha piga 116, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kama ameingiliwa, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, na afikishwe hospitali upesi, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Mtuhumiwa akiwa padre au mtawa, utaratibu ni uleule. Barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, Vos estis lux mundi, inawalazimisha mapadre na watawa kutoa taarifa ndani ya Kanisa, na haiondoi wajibu wowote unaowekwa na sheria ya nchi.

Leo jioni, kabla ya sala ya familia, mwombe mwanao akutajie watu wazima watatu ambao angewaambia kama mtu amemgusa vibaya, na akutajie kwa majina yake viungo ambavyo mtu haruhusiwi kuvigusa. Akishindwa, anza naye hapohapo. Na kikao cha wazazi kikifika, simama uulize kipindi kimepangwa siku gani na nani anakifundisha. Namba 116 ni ya bure, Tanzania na Kenya, mchana na usiku.